Miguu

Mama alikubali kukaa siku mbili, si zaidi;
mpunga ulikuwa unaiva
na kwelea hawajui likizo.

Udongo niliuchota kandokando ya bwawa la Bahi,
mweusi, mzito, wenye harufu ya kambare.
Nikautoa mawe, nikaukanda kama ugali wa uwele
hadi ukaacha kulalamika mkononi.

Kwanza niliitafuta huzuni machoni.
Nikachimba, nikaweka vifuko chini ya kope.
Akatazama, akacheka:
"Huyo shangazi yako Mbeleje,
anayelia kitunguu kikiwa bado sokoni."

Nikahamia mdomoni.
Pembe moja nikaishusha kwa ncha ya kijiti.
"Hapo jino linaniuma?" akauliza.
Nikakifinya kichwa kizima kikarudi kuwa bonge.

Nilifundishwa kwamba uso ni mlango.
Wa mama ulikuwa umefungwa, umepakwa chokaa,
na mwenyewe ameketi nje akichambua mlenda.

Kesho yake, saa tisa kasoro,
treni ya mizigo ikapiga honi upande wa Kigwe.
Uso haukutikisika. Aliendelea kunieleza bei ya mbolea.
Lakini chini, kando ya kandambili alizozivua,
vidole vyake vilijikunja
vikaishika ardhi
kama vya mtu anayevutwa.

Nikahesabu mabehewa: thelathini na moja.
La mwisho lilipopita vikaachia,
kimoja kimoja.

Miaka sita tangu Ndahani apande ya kwenda Kigoma
na begi la kuazima. Nyumbani hatumtaji.
Sahani yake tunafunikia mtungi.

Nilifinyanga usiku kucha kwa taa ya sola:
mwanamke ameketi, uso umetulia kama uji uliopoa,
mikono juu ya ungo,
na miguu iliyoikamata dunia isiondoke.

Asubuhi aliizunguka sanamu mara mbili bila neno.
Alipofika miguuni akasimama.
Akachukua gunia bichi nililofunikia udongo,
akaizungushia miguu ile taratibu
kama anayemkinga mtoto na mbu.

"Uso wapelekee Dodoma wakautazame," akasema.
"Hii niachie."

Maonyesho yalipita. Sikupeleka kitu.
Kila jioni nakuta gunia limeloweshwa,
na sijawahi kuuliza ni nani.
Sanamu yote imekauka, bega limepata ufa;
miguu bado mibichi.