Mapengo Saba

Mtihani wa kupima Kiingereza, wanaoanza mwaka wa kwanza,
saa tatu asubuhi, ukumbi juu ya kilima cha Nyegezi,
feni tatu, mbili zinazunguka.
Swali lilikuwa moja: Eleza kazi unayoijua vizuri.
Kurasa mbili. Dakika arobaini.
Anayezidi thelathini na tano kati ya hamsini huenda Kundi A,
anayepungukiwa na ishirini huja Kundi C,
na wa katikati hawahitaji shairi.

Nimepewa karatasi themanini na sita.
Nasahihisha nyumbani, usiku, dirisha limefungwa,
maana vijidudu vya ziwani vimetanda nje kama moshi wa tanuri,
na bado vinapenya, vinadondoka juu ya insha,
vinaweka nukta pasipostahili nukta.

Wengi wameandika ualimu, wengi udaktari,
kazi ambazo hawajazifanya, kwa sentensi walizozikariri,
zimenyooka kama mashati ya sare siku ya kufungua shule.
Nawapa alama. Sina kinyongo.
Hata mimi nilipita kwa sentensi za kuazima.

Kisha ya arobaini na moja: Nyanjige Bugumba, kutoka Kome.
Yeye ameandika kuanika dagaa.
Na kila neno la Kiingereza lililomkimbia
hakulibahatisha, hakupenyeza la Kiswahili kwa magendo:
amepiga mstari, akaacha wazi, akaendelea.
Karatasi ina mapengo saba
kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili.

Anasema, kwa Kiingereza chake cha miguu mifupi:
usiku wa giza wanaume huingia ziwani na ______.
Karabai.
Asubuhi wanawake humwaga dagaa juu ya jabali,
si juu ya mchanga, mchanga hula bei,
na huwageuza kwa ______.
Chelewa.
Wingu likichomoza upande wa Ukerewe
kila mwenye mikono hukimbilia ______.
Turubai, binti, turubai.

Nilikuwa nimeshika penseli, si kalamu nyekundu,
najaza kama mtu anayerudisha meno.
Sita nikayaziba, moja kwa kamusi,
sitasema lipi.

La saba:
Mchuuzi alitaja bei ya debe.
Mama hakumjibu. Ali______.

Nikacheka peke yangu.
Alisonya!
Ule mfyonzo mrefu, ulimi nyuma ya meno,
unaosikika mpaka mtumbwi wa pili,
unaomfanya mchuuzi aangalie viatu vyake.
Nikautafutia Kiingereza.
Kamusi ikanipa maelezo, mstari mzima,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:
kutoa sauti kwa kuvuta hewa kati ya meno, kwa dharau.
Lakini mama yake hakutoa maelezo.
Alisonya, na bei ikapanda.
Nina shahada mbili. Nilikaa, penseli hewani,
chai ikaota utando.

Mwongozo wa usahihishaji hauna kisanduku cha pengo.
Una sarufi, msamiati, mpangilio, mwandiko.
Nikahesabu kwa haki: kumi na nane.
Nikahesabu tena, safari hii nikitamani kudanganya:
kumi na nane.

Basi nimeandika C.
Sikuongeza mbili za huruma.
Huruma ingempeleka chumba cha juu, chenye kiyoyozi,
akae miongoni mwa mashati yaliyonyooka
ajifunze kuficha mistari yake.

Kundi C ni Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi,
chumba cha chini, ubavuni mwa jenereta.
Nalifundisha mimi.
Pengo la saba nimeliacha kama lilivyo,
ila pembeni, kwa penseli, nimeandika:
Hata mimi sijui. Njoo nalo.