Kuunda Utupu

Waliniagiza chumba kisicho na kitu ndani,
nami nikadhani kazi ni nyepesi.
Mwaka wa nne huu. Chuma cha pua, tumbo la kumeza lori,
mlango wa tani tatu ambao Odile huufunga kwa kiganja
kama anayefunga kabati la vyombo.

Hewa haitaki kutoka.
Inajibanza katika meno ya skrubu, chini ya rangi,
katika jasho la chuma chenyewe.
Ndiyo maana kila skrubu nimeichora na tundu katikati,
njia ya pumzi ya mwisho.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa;
lakini mafuta ya alama ya kidole kimoja
hufuka utupuni, yakatua juu ya lenzi,
na nyota zote zikaingia ukungu.
Vaa glovu, Thibaut.

Jumanne pampu zilinguruma usiku kucha
na mshale wa geji ukagoma palepale.
Mvua ya Liège ilipiga paa. Odile, binti wa mchomeleaji wa Seraing,
akaizunguka chemba na mrija wa heliamu,
akipulizia kila mshono polepole,
kama anayemwuliza mtoto panapouma.
Saa tisa na robo kitambuzi kikalia.
Unywele. Mmoja, wa mvi, umelala juu ya gasketi.
Tukatazamana vichwa.
Odile ni mweusi wa nywele, Thibaut ana kipara.
Sikusema kitu.

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili,
likishakuwa tupu kweli, halivumi:
ndani yake ungepiga kengele na usiisikie.
Kuta zikanywa nitrojeni, taa zikawa jua.
Joto, baridi, joto.
Satelaiti ya watu wa Toulouse, kimo cha mashine ya kufulia,
ilivumilia mizunguko kumi.
Wa kumi na moja, ikanyamaza.

Mhandisi wao aliketi sakafuni na viatu vyake vya karatasi.
Miaka sita, alisema, miaka sita,
kwa tone la lehemu lisilozidi punje ya ulezi.
Nilitafuta neno la pole, nikapata hili tu:
kule juu hakuna mlango.

Tukairudishia hewa taratibu, saa saba nzima,
isije ikaota umande.
Kisha Odile akaweka kiganja,
baridi ikatutokea hadi magotini,
naye akanyanyuka, akaomba tochi.