Alikipasha Moto Kwanza

Nilivunjika nyonga kwenye mawe ya Mabatini
nikishuka na ndoo. Kuna mtu alimwaga maji ya sabuni.
Wakanipandisha Bugando, wodi ya mifupa,
kitanda cha dirishani: ziwa lote chini yangu
na mimi siwezi hata kukaa.

Miaka ishirini na sita nimekuwa katekista.
Ungeniamsha usingizini ningekutajia palipo patakatifu:
altare, tabernakulo, taa nyekundu isiyozimwa.
Lakini mwili uliolazwa chali hauna katekisimu.
Usiku wa pili nikaita, kwa sauti ndogo,
kama mtoto aliyekwisha kojoa.

Akaja Nkwimba. Si nesi, mhudumu,
yule wa ndala za bluu na kitenge juu ya sare,
wa kupiga deki na kumwaga vya kumwagwa.
Chombo chenyewe ni cha chuma. Julai, saa tisa usiku,
upepo wa ziwani unapenya kioo kilichopasuka,
chuma kinauma kama jino.

Akatoka nacho. Nikamsikia koridoni,
bomba likikohoa, birika likinguruma,
nikasema moyoni: amenisahau, au ananikomoa.
Kumbe anamimina maji ya moto ndani yake,
anakizungusha, anayamwaga,
anakifuta kwa upindo wa kitenge chake mwenyewe,
anakigusisha upande wa ndani wa mkono,
pale mama anapoonjea joto la uji wa mtoto.

Akaniinua. Akageuzia uso dirishani
akaanza kuhesabu karabai za wavuvi wa dagaa:
"Kumi na moja. Kumi na mbili.
Yule wa mbali kule, huyo ni wa Ukerewe."
Alihesabu mpaka nilipomaliza.
Nadhani nyingine alizihesabu mara mbili.

"Wabeja," nikamwambia.
"Lala, babu. Kitanda cha sita nacho kinaniita."

Jumapili padri akaniletea komunyo.
Niliipokea kwa ulimi, kwa heshima yote.
Lakini makalio yangu, nisamehewe neno hili,
yalikuwa yameamini tangu Ijumaa.

Sasa niko nyumbani, mimi na mkongojo wangu.
Mjukuu wangu Limi huoga kabla ya shule.
Naamka gizani, napepea mkaa, nasubiri sufuria,
na mguu huu unanisema njia nzima hadi bafuni.
Yeye anadhani maji huamka yakiwa na joto.
Juzi akanikuta nimechovya kiwiko kwenye ndoo.
"Babu, unafanya nini?"
Nikamwambia aharakishe,
kengele ya shule ilishalia.