Mgao wa Ukimya

Bati nililipatia Gerezani, kwa fundi Mng'ong'o,
anayefua majiko na matangi ya maji.
Alilikunja kama nilivyomchorea, mdomo mpana, koo jembamba,
akalizungusha mara mbili, akauliza:
"Karai hili halina kitako. Utachotea nini?"
Nikamwambia, mnong'ono.
Akapunguza elfu tano, nadhani kwa huruma.

Basi liko juu ya nyumba yetu Kitunda,
kwenye ghorofa ambayo baba aliiahidi na hakuifikia,
katikati ya nondo zinazosubiri saruji tangu niko darasa la tano.
Nimeliegemeza kwenye ndoo ya mchanga. Limeachama.
Linaisikiliza haidrojeni.
Chembe yake moja hujigeuza usingizini
mara moja kwa miaka milioni kumi,
na ikijigeuza huguna.
Ni nyingi mno huko ziliko. Ndiyo maana mguno unafika.

Zamani rafiki yangu alikuwa mgao.
Umeme ukikatika saa mbili usiku,
mtaa mzima ukisema "aaah!" kwa pumzi moja,
mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi na betri ya gari.
Friji zimekufa, chaja zimekufa,
spika za kigodoro zimekatika katikati ya neno.
Hapo ndipo mstari kwenye kompyuta ulipoinuka,
kichuguu tu, cha kuhurumia,
nami nikajua: ni mkono wa galaksi yetu,
unapita juu ya Kitunda
bila kuuliza nani amelipia LUKU.

Siku hizi mgao ukija, chini kunanyamaza,
juu hakunyamazi.
Vinapita kwa msururu, chuma nyuma ya chuma,
vikigawa mtandao kwa dunia,
wala havimtegemei Tanesco.
Kwenye karatasi, wimbi langu ni hifadhi,
hakuna kulima, hakuna kuchunga.
Lakini mitambo huvuja kama bomba la Dawasa,
na mvujo hausomi karatasi.
Nimejaza daftari.
Saa tatu na dakika nne, kelele.
Saa tatu na kumi, kelele.
Saa tatu na kumi na mbili, sijui,
labda ni moyo wangu.

Mwezi uliopita Sista Anyosisye wa zahanati alinigongea.
Giza, mnara wa simu nao umezima,
na panya wameguguna waya wa kisahani chake cha mtandao.
Nilipanda paa lake na tochi mdomoni,
nikamenya, nikaunga, nikazungushia utepe mweusi.
Chini yangu mtoto alikuwa anakohoa,
kikohozi kikavu, cha kukwaruza sufuria.
Picha ya kifua chake, iliyopigwa mchana,
ilipaa kutoka Kitunda,
ikagonga chuma kimojawapo cha hivyo ninavyovilaani,
ikatua kwa daktari aliyekuwa bado macho.
Jibu lilirudi kabla sijashuka ngazi.
"Mungu akubariki," Sista akasema, "umetuunganisha."
Nikaitikia amina. Ningesema nini?

Niliporudi kwenye nondo zangu
nilifungua daftari, nikaandika: saa nne na robo, kelele.
Nikafuta.
Nikakaa.
Nikaandika tena kelele, maana ni kelele,
hata kama ndani yake mna mtoto anayepumua.

Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua
huzuka kwa mvua.
Hawakusema kikizama kwa kelele
huzuka kwa nini.

Umeme huo, umerudi. Mtaa unashangilia,
kigodoro kinamalizia neno lake.
Nimeligeuza bati upande wa Pugu, nikalifunika turubai.
Acha nishuke nikachaji betri.