Diski ya Tatu

Ilikufa saa tisa na dakika kumi na mbili,
usiku wa kuamkia mnada.
Hakuna aliyepiga yowe.
Likwata, mlinzi, alikuwa nje ya ghala anachemsha uji;
anasema alisikia feni zikivuta pumzi, basi.

Asubuhi nikakuta taa moja rangi ya chungwa
kati ya tano za kijani,
na maneno makavu kwenye kumbukumbu za mashine:
ya tatu haijibu. Ya akiba imeingia. Ujenzi unaendelea.
Hakuna turubai, hakuna mkeka,
hakuna wa kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

Nandonde wa mizani hakuniamini.
"Na kilo za watu wa Kitangari?"
Nikamwandikia kwa chaki ubavuni mwa gunia:
namba nne, na jumla yake pembeni.
Nikafuta moja kwa kiganja.
"Niliyofuta ni ngapi?"
Akatoa kichwani, midomo ikicheza:
"Themanini na moja."
Basi ndivyo zinavyofanya, nikamwambia.
Zilizobaki zinakumbushana,
jumla inasimama shahidi,
na aliyekufa anaandikwa upya ndani ya mgeni,
kilo kwa kilo, mpaka jina la mwisho.

Saa nne mnada ukaanza.
Wakulima wakaikataa bei ya kwanza,
wakanung'unika, wakaikubali ya pili.
Hakuna aliyejua kuwa jasho lake
lilihama kitanda usiku.

Ila akiba ikishaingia uwanjani
benchi linabaki tupu.
Diski mpya imetoka Dar na basi,
kondakta kaiviringisha kwenye kanga isigongwe,
na basi limelala Somanga,
maji yamekula barabara.
Siku mbili, wanasema.
Jioni wanasema nne.

Mashine haina habari.
Ya tatu nimeichomoa, ipo mfukoni mwangu, nzito kama kufuli;
taa zilizobaki zote kijani,
inajiona nzima.

Nimeleta mkeka wangu.
Ukungu wa Newala umefika dirishani.
Nimelala chini, kichwa karibu na kabati la chuma,
nahesabu: moja, mbili, nne, tano, ya akiba.
Moja, mbili, nne.
Likwata anaingia na kikombe cha uji.
"Na wewe, Somoe, ukipitiwa na usingizi?"
Nikamwonyesha taa.
Akaenda nje, akarudi na kiti chake.