Kisanduku Begani

Bi Wakesho alikibana kwenye kola ya ovaroli yangu,
bega la kulia, shubiri moja na sikio:
kisanduku kama cha kiberiti,
kichwa chake sifongo nyeusi, mviringo kama zambarau.
"Kisahau," akasema. "Piga kazi."

Nikauliza, je, kinanasa maneno?
Maana nikigonga hujisemea:
deni la unga, karo ya Shufaa,
na tusi moja la zamani ninalomrushia Karisa msimamizi
kila akinipa kisogo.
Akacheka. "Maneno hakiyajui.
Kinapima uzito wa sauti, toka asubuhi hata jioni."

Uzito. Hapo tukaelewana.
Marehemu baba alibeba magunia Shimanzi;
mgongo ulipopinda, kila mtu aliuona.
Nani aliyewahi kuona sikio limepinda?

Huku Miritini makontena huletwa yamebonyea.
Unaingia ndani na nyundo ya ratili kumi na nne,
unagonga ukuta ukiwa tumboni mwake,
na pigo moja linakurudia mara tatu
kabla hujainua la pili.
Nje, Mwalukumbi na grainda yake
anachana chuma kama anayechana kaniki.
Masikioni ana sufi aliyoinyofoa kwenye mto wa mkewe.
Miaka kumi na miwili hivyo. Tunazungumza kwa vidole:
hiki chai, hiki nyundo, hiki anakuja.

Siku hiyo Karisa alipita mapema, mpole kama mposaji.
"Leo pigeni kidogo kidogo, wageni wapo."
Sikumjibu. Nilimwona Bi Wakesho kando ya lango,
kalamu mkononi, jua limemkalia kichwani,
nikagonga kama jana.
Sikuzidisha, nisije nikakisingizia chuma;
sikupunguza, nisije nikajisingizia mimi.

Wiki iliyofuata alitandaza karatasi juu ya pipa.
Desibeli tisini na saba, akasema.
Nikaona si nyingi, hata mia haijafika.
"Hesabu hii haipandi kama ngazi.
Ukiongeza tatu tu, mzigo umekuwa mara mbili.
Tatu tena, mara nne."
Nikamwona baba, gunia juu ya gunia,
na ubao wa kupandia ni ule ule mmoja.

Mstari ulipanda ukashuka kama vilima vya Mazeras,
ukalala saa saba, saa ya maharagwe,
na katikati ya bonde kijiti kimoja kimesimama.
"Hii ni mashine gani?"
Si mashine. Ni Mwalukumbi alipocheka.

Karisa akasema kitu nyuma yangu. Watu wakageuka.
Mimi sikugeuka.
Baadaye Mwalukumbi akanipigia kelele usoni:
Kasema sikio la kufa halisikii dawa!
Sawa. Lakini hili halijafa, linakufa.
Linakufa kwa zamu, saa nane kwa siku,
na zamu ina mwenyewe.

"Herufi za pumzi ndizo hutangulia," Bi Wakesho alinieleza
akikunja karatasi yake. "Zile nyembamba. S. F. Sh."
Nikanyamaza. Nilikuwa nalijua hilo tayari,
kwa jina.

Jioni, Jomvu, viatu nimevivua,
mtoto ananiambia jambo kutoka jikoni.
Nikamwita aje kwenye taa.
"Jitaje."
"Baba!"
"Jitaje tu."
Midomo ikachongoka, meno yakagusa mdomo wa chini,
na kilichonifikia ni uaa, uaa,
kama mtu aniletee ua
bua limebaki njiani.

Tena, nikamwambia,
na usitoke kwenye taa.