Akidi

Walianza arobaini, huko kwao Piombino,
chumba cha juu ya duka la viatu.
Wakagombania neno moja katika ibara ya tatu,
"umma" au "wafanyakazi", sikumbuki,
wakabaki kumi na tisa.
Kisha suala la Wachina. Saba.
Kisha nani akae na funguo za chumba.

Mzee Ottorino alinisimulia haya karakanani, Njoro,
miwani ya kuchomelea imepanda kipajini,
akiunga mkono wa mashine ya baba ya kumenyea kahawa.
Hakuna aliyesaliti, alisema. Kila mmoja alikuwa sahihi.
Hilo ndilo lililotumaliza.

Mwisho wakawa wawili: yeye Moshi, Bruna kule.
Mimi ndiye niliyepeleka posta barua ya kumfukuza Bruna.
Stempu ya twiga. Niliilamba mwenyewe.
Jibu lilifika baada ya masika:
Bruna naye alishamfukuza,
tarehe ileile.

Hata hivyo kila Alhamisi alifungua kikao,
akasoma muhtasari, akanimiminia kahawa chungu.
Nilidhani mimi ni mgeni tu.

Tulimzika Machi. Nyuma ya mitungi ya gesi
nikakuta daftari, muhuri, pedi ya wino iliyokauka.
Ukurasa wa mwisho, mwandiko wake wa kulalia kushoto:
*Elinaike Mushi, mwanachama.* Ada imelipwa
miaka tisa, mia tano kwa mwezi,
mfukoni mwake.

Basi chama ni mimi.
Sijajiuzulu.
Barua nimwandikie nani?